"Yazuia saratani ya ini kusambaa": sawa, lakini kwenye seli za nani?

Kuna habari moja ya sayansi isiyochoka kurudi. Kichwa chake hubadilika kidogo tu: "Wanasayansi wagundua kemikali inayozuia saratani ya ini kusambaa." Mara ni manjano, mara tangawizi, mara mmea wa China ambao jina lake hakuna anayeweza kulitamka, mara molekuli yenye herufi mbili na tarakimu nne. Chini yake kuna picha ya ini jekundu, sentensi nne, na maneno "utafiti umethibitisha". Kisha inaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Tunduma ni mji ambao kila kitu kinapita, na habari nayo inapita. Baada ya siku chache utamsikia muuza dawa za asili pale barabarani akitaja "maabara" na "kuzuia seli" kama mtu aliyetoka semina.

Nataka kuikosoa habari hiyo, ila nisimbebeshe lawama zote mwandishi wake wala huyo muuza dawa. Ukiifuata hadi chanzo, mara nyingi utakuta mwandishi hakudanganya. Alichukua kilichoandikwa kwenye muhtasari wa makala ya kitaalamu. Kasoro iko juu zaidi, kwenye aina ya makala ambayo sisi wanafunzi wa uzamili na uzamivu tunaisoma, tunaiiga na tunahitimu nayo: kemikali fulani, ishara fulani ya ndani ya seli, mchoro wenye mishale, na hitimisho kwamba kemikali hiyo "inaweza kuwa tiba".

Kwa nini nijisumbue nayo? Mwaka 2017 madaktari kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, walichapisha kumbukumbu za wagonjwa 2,566 wa saratani ya ini. Ukiiondoa Misri, ambayo hali yake ni tofauti, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 46, na muda wa kati wa kuishi tangu kugundulika ulikuwa miezi 2.5. Yaani nusu yao hawakufikisha hata miezi mitatu. Hao si wazee. Ni watu wenye watoto shuleni, wenye kahawa Mbozi au mahindi Momba. Kutoka Tunduma hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni kama kilomita 100, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, mwisho wa pili wa barabara ile ile ya malori. Familia iliyo kwenye hali hiyo ikiambiwa kuna unga unaozuia saratani kusambaa, itauza ng'ombe. Kwa hiyo ni halali kuuliza huo unga ulizuia nini hasa, na wapi.

Nianze na kilicho kweli, maana msingi wa makala hizi ni sayansi nzuri.

Seli ya ini iliyo salama haitembei. Imeshikamana na jirani zake kwa protini kadhaa, mojawapo ikiitwa E-kadherini, ambayo inafanya kazi kama saruji kati ya tofali na tofali. Ili seli ya saratani ihame ni lazima iachie jirani zake, ibadili umbo kutoka tofali kuwa kitu kirefu kinachoteleza, itoe vimeng'enya vya kuyeyusha kuta zinazoizunguka, kisha iingie kwenye mshipa wa damu. Saratani ya ini husambaa kwanza ndani ya ini lenyewe, mara nyingi kwa kufuata mshipa mkuu unaoleta damu kutoka utumbo, halafu mapafu na mifupa.

Amri ya kuhama hutoka kwenye kemikali zinazotolewa na seli nyingine za jirani, au na seli yenyewe. Aliyewahi kusubiri lori pale mpakani atanielewa haraka. Lori haliondoki kwa sababu dereva amewasha injini. Karatasi inapita dirisha hadi dirisha, kila dirisha na muhuri wake, na muhuri wa mwisho ndio unaofungua geti. (Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe 2019 madirisha yanatakiwa yawe machache, foleni ni mada ya siku nyingine.) Ndani ya seli ni hivyo hivyo. Kemikali inakamata kipokezi kilicho kwenye utando wa nje. Kipokezi kinagonga muhuri wa fosfeti kwenye protini ya kwanza, hiyo inagonga ya pili, ya pili inagonga ya tatu. Mfululizo mmoja maarufu unakwenda RAS, RAF, MEK, ERK. Ujumbe ukifika kwenye kiini, jeni za kushikamana zinazimwa na jeni za kutembea zinawashwa. Protini zinazogonga mihuri hiyo zinaitwa kinasi, na dawa nyingi za kisasa za saratani ni vitu vya kuziba mkono wa kinasi usigonge.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote hapa ni ya HGF. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Japani walikuwa wakitafuta kemikali inayoliwezesha ini kuota upya baada ya kukatwa, wakaipata, wakaiita kisababishi cha ukuaji wa seli za ini. Upande mwingine, huko Cambridge, Michael Stoker alikuwa akichunguza kitu kinachozifanya seli zilizoshikana ziachane na kutawanyika kwenye kisahani. Akakiita kisababishi cha mtawanyiko. Mwaka 1991 ikathibitika kwamba ni kitu kimoja. Mwaka huo huo kipokezi chake, c-MET, kikatambuliwa. Kemikali inayoliponya ini ndiyo inayoiambia seli ya saratani iondoke.

TGF-beta nayo ina sura mbili. Mwanzoni inazizuia seli za ini zisigawanyike ovyo, ni askari kabisa. Saratani ikishakomaa, seli zinaacha kusikia ile amri ya kuacha kugawanyika lakini zinaendelea kusikia ile ya kuhama. Kwa hiyo ukiizuia TGF-beta mapema mno unaweza kumfukuza askari, na ukichelewa unamfukuza mtu aliyekwisha kufungua mlango. Makala nyingi za aina ninayoikosoa zinaichora TGF-beta kwa mshale mmoja mwekundu, kana kwamba ni adui tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa twende kwenye jaribio lenyewe. Neno "kuzuia kusambaa" likitokea kwenye kichwa cha habari, kwa kawaida lina maana moja ya mambo mawili. La kwanza: umepanda seli kwenye kisahani cha plastiki hadi zimejaa, umechora mstari katikati kwa ncha ya pipeti, umepiga picha, umerudi baada ya saa 24 kuona kama pengo limejiziba. La pili: umeweka seli kwenye kikombe chenye kitako cha matundu madogo sana kilichopakwa Matrigel, ambayo ni ute unaokamuliwa kutoka kwenye uvimbe wa panya, ukahesabu ngapi zimepenya hadi chini. Basi. Hakuna mshipa, hakuna damu, hakuna ini.

Sidharau majaribio hayo. Ni ya bei nafuu, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini yana mtego ambao mhakiki mkali anatakiwa aukamate kila mara: kemikali inayoua seli, au inayozichelewesha kugawanyika, nayo italiacha pengo wazi. Seli iliyokufa haitembei. Ukimwaga dawa ya madoa kwenye kisahani utapata picha nzuri sana ya "kuzuia kusambaa". Ni lazima mtafiti aonyeshe kwamba kwa dozi ile ile na kwa muda ule ule seli zilikuwa hai na zikigawanyika kama kawaida, ila tu zimegoma kuhama. Makala zinazofanya hivyo kwa uangalifu zipo. Zinazoruka hatua hiyo ni nyingi mno.

Halafu panya. "Imethibitishwa kwa wanyama" mara nyingi ni panya asiye na kinga ya mwili, aliyechomwa seli za saratani ya ini chini ya ngozi ya ubavu. Saratani ya ini ikaota ubavuni, kwenye mnyama ambaye ini lake halina kovu, halina kirusi wala sumu. Mgonjwa wa kweli ana vyote hivyo.

Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni swali lililo kwenye kichwa cha habari. Seli za nani?

Aina ya seli inayotumika kuliko zote kwenye tafiti hizi inaitwa HepG2. Ilitokana na uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 kutoka Argentina, miaka ya 1970. Kwa muda mrefu ikaitwa saratani ya kawaida ya ini ya watu wazima. Mwaka 2009 wataalamu walioipitia upya historia na vinasaba vyake walieleza kwamba ni hepatoblastoma, uvimbe wa ini wa watoto, ugonjwa mwingine kabisa. HepG2 haina kirusi cha homa ya ini B. Jeni yake ya p53, mlinzi mkuu wa seli dhidi ya saratani, ni nzima. Kumbuka hilo la p53, tutalirudia.

Inakuwa mbaya zaidi. Kuna seli zinazoitwa SMMC-7721 na BEL-7402, zilizotumika kwenye makala lukuki za China kama seli za saratani ya ini. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba si za ini. Ni HeLa, seli za saratani ya shingo ya kizazi zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, ambazo zinakua kwa kasi kiasi kwamba tone moja likirukia chupa ya jirani linaiteka yote. Na L-02, ambayo watafiti waliitumia kama seli za ini zilizo salama ili kulinganisha, nayo ni HeLa. Tafakari kidogo: zipo makala zinazosema dawa fulani inaua seli za saratani ya ini na kuziacha seli salama za ini, na pande zote mbili za ulinganisho ni saratani ya shingo ya kizazi ya mama mmoja wa Marekani. Mishale ya ishara imechorwa, asilimia zimehesabiwa, takwimu zimepita. Kilichokosekana ni ini tu.

Orodha ya seli zilizochafuliwa iko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuipitia kabla ya kuagiza. Ndiyo maana siwezi kuwa mpole na makala za miaka ya karibuni zinazoendelea kuzitumia. Mhariri aliyeipitisha alikuwa na dakika tano za kufanya, hakuzifanya.

Kinachouma ni kwamba ipo seli inayofanana na ugonjwa wetu, na imetoka jirani. Inaitwa PLC/PRF/5. Iliundwa Johannesburg katika miaka ya 1970, kutokana na uvimbe wa mgonjwa mwanamume wa Msumbiji. Ndani ya vinasaba vyake kuna vipande vya kirusi cha homa ya ini B, na mpaka leo inatoa protini ya ganda la kirusi hicho kwenye maji inamokuzwa. Na p53 yake ina jeraha mahali maalumu, kwenye namba 249.

Hiyo namba 249 ni kama alama ya kidole. Mwaka 1991 timu mbili zilichapisha kwa wakati mmoja kwenye jarida la Nature: moja ilikuwa na wagonjwa wa kusini mwa Afrika, nyingine wagonjwa wa Qidong, China. Kote huko waliona kosa lile lile, herufi G kugeuka T mahali pale pale pa p53. Sehemu hizo mbili zilikuwa na kitu kimoja cha pamoja mezani: chakula chenye sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu wa mahindi na karanga. Saratani ya ini ya mtu aliyekula sumukuvu miaka 30 huku ana kirusi B si sawa na ya Mjerumani aliyekunywa pombe, wala ya mtoto wa Argentina. Mlinzi wake ameumizwa mahali tofauti, na ishara za ndani zinaendeshwa na mambo tofauti. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepima dondoo la mmea wa nyumbani kwenye HepG2 peke yake, wakati PLC/PRF/5 inaweza kuagizwa, anatakiwa aeleze kwa nini. Mara nyingi jibu ni "ndiyo iliyokuwepo kwenye friji ya msimamizi". Naelewa. Lakini basi hitimisho nalo likae kwenye kiwango cha friji.

Suala la dozi nitalipita haraka maana limeshasemwa sana, ila manjano inanilazimisha. Kukumini, ile rangi ya manjano, huzuia seli kuhama kwenye kisahani kwa vipimo ambavyo mara nyingi ni maikromola 10 hadi 50. Katika jaribio moja la Taiwan lililochapishwa 2001, watu waliomeza gramu 8 za kukumini kwa siku walifikia kilele cha wastani wa maikromola 1.77 kwenye damu. Gramu 8 za kukumini safi, si za unga wa jikoni, ambao una asilimia chache tu za kukumini. Na kwa anayedhani "haina madhara, ni kiungo tu": vidonge vya manjano iliyokolezwa vimeripotiwa kuliumiza ini lenyewe kwa baadhi ya watu, Italia na Marekani. Kwenye mchuzi iendelee, haina kesi.

Tuseme sasa jaribio limefanyika vizuri, seli ni sahihi, dozi ni ya kweli, na dawa imefika kwa binadamu. Je, kuziba dirisha moja kunatosha? Hapa kuna kisa ambacho kila anayeandika "inaweza kuwa tiba" angebandika ukutani.

Tivantinib ilitengenezwa kuziba c-MET, kile kipokezi cha HGF. Hoja ilikuwa safi: wagonjwa wenye c-MET nyingi wana saratani inayosambaa vibaya, basi tuizibe. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la hatua ya pili. Kati ya wagonjwa 107, wale 37 waliokuwa na c-MET nyingi walionyesha tofauti ya kusisimua: waliopewa dawa waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 7.2, waliopewa kidonge kisicho na dawa miezi 3.8. Vichwa vya habari vikaandikwa. Jaribio kubwa likafuata, wagonjwa 340, wote wenye c-MET nyingi. Matokeo yakatoka 2018: miezi 8.4 kwa waliopewa dawa, 9.1 kwa waliopewa kidonge kitupu. Hakuna faida.

Na wakati huo kulikuwa na jambo lililokwisha kuonekana maabara: tangu 2013 vikundi viwili vya watafiti vilikuwa vimeonyesha kwamba tivantinib inaua seli hata zile zisizoitegemea c-MET, kwa kuvuruga nyuzi zinazotumika seli inapogawanyika. Yaani ilikuwa sumu ya kawaida ya seli iliyovaa fulana ya dawa ya ishara. Rudi kwenye mtego niliouleza pale juu, wa seli iliyokufa kutotembea. Ni ule ule, ila safari hii uliwagharimu wagonjwa.

Hata dawa inapoziba kweli, watu wa Tunduma hawahitaji kufundishwa kinachofuata dirisha likifungwa. Kuna njia za panya. Ukiziba c-MET, kipokezi kingine kinaupeleka ujumbe kwa ERK. Ndiyo sababu dawa ya kwanza iliyofanya kazi kwenye saratani hii, sorafenib, inaziba kadhaa kwa mpigo: RAF, pamoja na vipokezi vya ishara zinazoita mishipa mipya ya damu. Ilikubaliwa Marekani 2007. Kwenye jaribio lake kubwa la wagonjwa 602, lililochapishwa 2008, muda wa kati wa kuishi ulitoka miezi 7.9 kwenda 10.7. Lilishangiliwa, na kwa haki, kwa sababu kabla yake hakukuwa na kitu. Lakini wagonjwa wale walikuwa na umri wa wastani wa karibu miaka 65, na karibu wote ini lao lililobaki lilikuwa bado linafanya kazi vizuri. Dawa hiyo hiyo ilipojaribiwa China, Korea Kusini na Taiwan, ambako wengi wana kirusi B kama huku kwetu, ilikuwa miezi 6.5 dhidi ya 4.2. Baadaye, 2020, ikaja mbinu ya kuunganisha dawa inayoziba ishara ya mishipa na nyingine inayoiamsha kinga ya mwili. Hiyo ilifikisha muda wa kati wa miezi 19.2 dhidi ya 13.4 ya sorafenib. Ni maendeleo ya kweli, na yote yametokana na watu waliokaa miaka kwenye hizi ishara. Anayesema utafiti wa ishara hauna maana hajui anachosema.

Ninachokataa ni mahali habari inapomweka msomaji wa Songwe. Inamweka mwisho wa mto, akisubiri dawa ya miezi, kwa bei ambayo hakuna haja ya kuitaja, kwa ugonjwa ambao utamkuta ini limeshachoka. Na inamnyamazia kuhusu mwanzo wa mto, ambako sayansi imekuwa na uhakika kwa muda mrefu zaidi.

Uhakika gani? Shanghai walifuatiliwa wanaume zaidi ya 18,000. Wenye dalili za sumukuvu kwenye mkojo pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4. Wenye kirusi B pekee, mara 7.3. Wenye vyote viwili, mara 59.4. Ukijumlisha hupati 59, hata ukizidisha hufiki. Ukiondoa kimoja tu kati ya viwili hivyo, umeshaivunja sehemu kubwa ya hatari. Qidong ilionyesha hilo bila dawa yoyote: katika miaka ya 1980 watu waliacha mahindi wakahamia kwenye mchele, na vifo vya saratani ya ini kwa walio chini ya miaka 35 vikapungua kwa zaidi ya nusu kati ya vizazi vya miaka ya 1960 na ya 1980, ingawa wote walizaliwa kabla ya chanjo ya watoto wote kuanza.

Sisemi Songwe iache ugali. Atakayenisikiliza ni nani? Lakini hakuna kichwa cha habari kinachosema kwamba kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyafunga kwenye magunia ni kazi ya kuzuia saratani ya ini, au kwamba mahindi yaliyobadilika rangi, yale ambayo hayatupwi bali yanaishia kwenye pombe ya kienyeji na chakula cha kuku, hayapotezi sumu kwa kuchemshwa. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu kwa kila bilioni. Tunakikumbuka tu biashara ikizuiwa, kama Machi 2021 Kenya ilipoyakataa mahindi ya Tanzania na Uganda, au watu wakifa kwa mpigo, kama 2016 Dodoma na Manyara. Mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka 30 hatoki kwenye habari.

Kuhusu kirusi, chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani karibu kila dereva unayemwona kwenye foleni pale mpakani, wengi hawana. Kipimo ni tone la damu. Na kwa anayehitaji tiba ya kirusi, tenofovir, ambayo kliniki zetu zinaijua kupitia dawa za VVU, hukibana kirusi na kupunguza hatari ya saratani. Dawa hiyo inazuia kimeng'enya cha kirusi, haihitaji mchoro wa mishale ishirini.

Na kwa wanaotafuta mada ya tasnifu, nina pendekezo. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wa Murang'a, Kenya. Walipima sumukuvu kwenye chakula cha watu wa miinuko tofauti ya wilaya moja, wakalinganisha na wagonjwa wa saratani ya ini. Kadiri walivyoshuka kwenye joto, sumu iliongezeka na saratani iliongezeka. Mkoa wa Songwe una mteremko wa namna hiyo hiyo: Vwawa kwenye baridi, zaidi ya mita 1,400, halafu unashuka Momba hadi Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa lenye mita kama 800 na joto lake. Kipimo cha damu kinachoonyesha sumukuvu iliyojishika kwenye albumini kimekuwepo tangu miaka ya 1980. Ukikiweka pamoja na kipimo cha kirusi B, utajua nani kati ya watu hao anabeba vyote viwili. Nauli ya Vwawa hadi Kamsamba ni ndogo kuliko bei ya kuagiza chupa moja ya HepG2.